Saa za Maji za Primus Temba

Jumanne, tarehe 23 Julai 1996, Primus Temba aliamka saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Alikunywa vikombe vitatu vya maji, akatoka nje kwa haja ndogo, akarudi ndani na kuyaandika yote mawili katika daftari lake. Saa kumi na mbili na dakika tano alikuwa ameshafika kwenye nduwa, lile bwawa dogo linalokusanya maji ya usiku, akang'oa kizibo. Saa kumi na mbili na robo maji yalikuwa yamefika katika kihamba, yaani shamba la nyumbani, la Mektrida, mjane ambaye zamu yake ilikuwa ya kwanza siku hiyo na ambaye angeyatumia mpaka saa tatu kamili. Saa moja na dakika kumi Primus aliketi chini ya mgomba kando ya mfongo, mfereji wa kumwagilia wa kijiji, akanywa maji aliyokuja nayo katika chupa ya plastiki, akaijaza tena kwenye mfereji, akainywa tena. Mara mbili aliinuka kwenda nyuma ya migomba. Baada ya hapo usingizi ulimjia kama mtu anayemdai.

Alipozinduka aliitazama saa yake ya mkononi, akaona ni saa tatu kasoro dakika kumi. Alimshukuru Mungu kwa kumwamsha kwa wakati. Akashika jembe lake, akateremka hatua mia mbili mpaka kwenye lango la Basili, akaondoa ubao uliozuia maji, akaandika kwa mwandiko wake wa herufi zilizosimama wima: *Saa 2.50, lango la Basili wazi. Nimewahi dakika kumi.*

Basili alikuwa ameketi kwenye ukingo, miguu ikining'inia ndani ya mfereji mkavu, redio ndogo ikiwa pembeni yake. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minane, mkulima wa nyanya, mwenye ulimi mwepesi kuliko jembe lake. Hata hivyo, hasira haikumfanya asahau adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Basili. Leo nimekuwahi."

"Umeniwahi kwa zamu ya wiki ijayo, au kwa ya leo?"

"Ya leo. Saa tatu kasoro kumi."

"Baba, redio yangu imekwisha kusoma habari za saa tatu, ikasoma matangazo ya vifo, na sasa inapiga taarabu. Hiyo saa yako iko nchi gani?"

Primus aliisogeza saa mpaka karibu na pua. Mishale miwili ilikuwa imelaliana kama kondoo wa wakati wa baridi. Saa tatu kasoro kumi haiwi hivyo. Ilikuwa saa nne kasoro kumi, na Basili, aliyestahili maji kwa muda wa saa mbili, alikuwa amebakiwa na saa moja na dakika kumi.

"Nisamehe, mwanangu."

"Mimi nimesamehe tangu redio ilipoanza taarabu," Basili alisema, akiyatazama maji yakiingia kwenye matuta yake. "Nyanya ndizo hazijui kusamehe. Mara ya kwanza nilinyamaza, baba. Mara ya pili nilinong'ona. Hii ni ya tatu, na sheria ya mfongo unaijua kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyeiandika."

Ni kweli, aliiandika yeye. Msimamizi akichelewesha maji mara tatu katika kiangazi kimoja, mkutano wa wenye mfongo utaitishwa, na jembe la usimamizi litawekwa chini mbele ya watu wote.

Ili kufahamu jembe hilo lilikuwa na maana gani kwa Primus, ni lazima kurudi nyuma miaka mitano. Mwezi Juni 1991 alipanda mringaringa kukata majani ya ng'ombe, kazi aliyoifanya tangu utotoni. Tawi lilikatika kabla ya panga kulifikia. Alianguka kwenye jiwe la ukingo wa shamba, akalala siku tatu bila kujua kuwa amelala. Alipoamka alimtambua mkewe Veronika, akamtambua ng'ombe, lakini alimuuliza Veronika mara saba katika asubuhi moja kama mvua imenyesha.

Mambo mengi yalirejea polepole, mengine hayakurejea. Maumivu ya kichwa yalibaki, yakimtembelea kila anapokaa juani. Harufu ilikwenda moja kwa moja: Primus hakunusa tena kahawa, wala zizi la mbuzi, wala pombe ya mbege inayochacha. Chakula kikawa kama pamba mdomoni, isipokuwa vitu vitamu, ambavyo ulimi ulivitambua bila msaada wa pua. Ndipo akaanza kutia chai yake vijiko vitano vya sukari, na hakuna aliyemkataza. Kumbukumbu nayo ikawa kama ungo: vikubwa vilibaki, vidogo vilipita.

Muuguzi mmoja ndiye aliyempa dawa ya ungo huo. "Baba, kila unalolifanya liandike pamoja na saa yake," alimwambia. "Ukila, andika. Ukinywa, andika. Ukienda chooni, andika. Usichague, kwa sababu hujui kesho utahitaji kukumbuka kipi." Primus, aliyekuwa mtu wa kufuata maagizo hata kabla ya kuanguka, hakuchagua. Aliandika yote. Kufikia mwaka 1996 alikuwa ameshajaza madaftari kumi na tisa.

Madaftari hayo ndiyo yaliyomletea kazi. Msimamizi wa zamani wa mfongo wa Kileri alipofariki mwaka 1993, wenye kaya thelathini na moja za sehemu ile ya Kirua Vunjo waligombania zamu kwa miezi minne. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanaanza kupanda mlimani na malori yao, bei haikutabirika, na wengine walikuwa wameshang'oa mibuni ili wapande nyanya na kabichi za kupeleka mpaka Holili. Nyanya hunywa maji kuliko mbuni. Kila mtu alidai kuwa zamu yake imeibwa. Ndipo Filbert, mwenyekiti, mzee mpole aliyependa kumaliza mikutano kabla ya mbege kupoa, alipomtaja Primus.

"Lakini huyu amesahau hata ugomvi wake na shemeji yake," mtu mmoja alipinga.

"Ndiyo sababu," Filbert alijibu. "Mtu asiyekumbuka amegombana na nani atampendelea nani?"

Walicheka, wakampa jembe. Tangu siku hiyo Primus hakuwa tena yule aliyeanguka mtini. Alikuwa msimamizi wa mfongo. Watoto walipomwona akipita na saa yake walijua zamu ya nani inakaribia. Wanawake walimuuliza muda kabla ya kuweka sufuria ya ndizi jikoni. Mtu aliyekuwa akiongozwa kwa mkono kwenda kanisani sasa aliyaongoza maji ya kaya thelathini na moja, na kila jioni alilitundika jembe hilo lenye mpini laini karibu na mlango, mahali ambapo wengine hutundika picha.

Kwa hiyo jioni ile ya tarehe 23 Julai, alipomweleza Veronika yaliyotokea, hakula.

"Ni kichwa," Veronika alisema kwa huruma. "Kimerudi."

Neno hilo lilikuwa limezoeleka. Primus alipong'olewa jino, jirani alisema ni kichwa. Alipojikata kidole cha mguu kwa jembe, walisema ni kichwa. Alipoanza kukonda mwezi Mei, mkanda wake ukahitaji tundu jipya, walisema kichwa kinamla. Alipoanza kusinzia mchana, na macho yake kuona ukungu ambao wengine hawakuuona, hakuna aliyetafuta maelezo mengine. Kila mgeni aliyemjia mwilini alipokelewa kwa jina la yule wa kwanza. Hata mwenye duka la dawa pale njia panda, alipoulizwa, hakumwangalia, alitoa vidonge vya maumivu na kusema, "Si yule wa kichwa?"

Na kwa kuwa mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, majirani walikuja. Habari kuwa kichwa cha Primus kimerudi ilienea kwa siku moja, na kufikia Ijumaa meza yake ilikuwa imejaa. Kulikuwa na makopo manne ya glukosi, kreti nusu ya soda, ndizi mbivu za kila aina, na chupa mbili za asali ya msituni kutoka kwa shangazi yake mwenye miaka themanini, aliyeamini kuwa asali huunganisha mifupa ya fuvu. Hata Basili alileta soda mbili za machungwa.

"Mkutano ni mkutano, baba," alisema akiziweka mezani. "Lakini ugonjwa ni ugonjwa. Kunywa upate nguvu, ili Jumapili ya wiki ijayo niseme na mtu aliye macho."

Primus alikunywa zote mbili mbele yake, kwa heshima na kwa kiu. Zaidi ya wiki moja alitibiwa kwa upendo huo, na kila siku alizidi kuchoka. Koromeo lilikauka dakika chache baada ya kunywa. Alikunywa glukosi ili apate nguvu za kwenda mfongoni, na akiwa njiani alilazimika kukaa chini. Aliandika yote hayo kwa uaminifu, ingawa sasa mistari ya daftari ilikuwa ikitembea kama siafu.

Jumamosi usiku alimwambia mkewe, "Mama Hilda, wakilichukua jembe nitarudi kuwa nani?"

Veronika alikuwa akikunja nguo za kanisani. "Utarudi kuwa mume wangu."

"Hiyo nimeshakuwa. Naulizia mchana."

Jumapili, tarehe 4 Agosti, baada ya misa ya pili, watu walikusanyika kwenye ukingo wa nduwa, wanaume upande wa juu na wanawake upande wa chini, penye kivuli. Kata ya mbege ilizunguka mara moja kama desturi ilivyotaka. Primus alipewa nafasi ya kunywa wa kwanza, jambo lililomfanya aone kuwa wanamuaga.

Filbert alieleza shauri kwa maneno machache. Kisha akamgeukia Basili.

"Sina mengi," Basili alisema. "Mara tatu. Tarehe 11 Juni, tarehe 2 Julai, tarehe 23 Julai. Mimi simchukii baba yangu huyu. Lakini maji hayajui kuwa alianguka mtini."

"Primus, una la kusema?"

Primus alisimama. Usiku mzima alikuwa amejiandaa. "Nina daftari," alisema. "Wale wanaodhani kuwa nalala kwa uzembe, nitawasomea nafanya nini kila saa. Mtu asiyefanya kazi hana cha kuandika."

"Daftari hilo ndilo lililoandika saa mbili na dakika hamsini wakati dunia nzima ilikuwa saa tatu na dakika hamsini," Basili alisema, na wanaume wakacheka. "Lakini soma, baba. Soma ya jana, tuone."

Primus alilisogeza daftari mpaka likawa karibu kumgusa paji, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma waraka kanisani.

"Jumamosi, tarehe 3 Agosti. Saa kumi usiku, haja ndogo. Saa kumi na robo, maji vikombe vitatu. Saa kumi na moja, haja ndogo. Saa kumi na moja na nusu, maji vikombe viwili na glukosi. Saa kumi na mbili, nimefungua nduwa. Saa kumi na mbili na dakika kumi, haja ndogo."

Kicheko cha kwanza kilitoka upande wa wanawake. Primus hakukisikia, au aliona hakimhusu.

"Saa moja, lango la Filbert wazi. Saa moja na dakika tano, maji, chupa moja. Saa moja na dakika ishirini, haja ndogo. Saa mbili, chai na asali. Saa mbili na robo, soda. Saa mbili na nusu, haja ndogo."

"Mwenyekiti," Basili alisema, akijifuta machozi, "mimi nilidhani maji yetu yanaibwa na watu wa mfongo wa juu. Kumbe yanapita kwa msimamizi kwanza."

Sasa walicheka wote, mpaka Filbert akaiweka kata chini isimwagike. Primus naye alitabasamu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa, ila aliendelea kusoma, na kila alipotaja haja ndogo watu waliitikia kama litania. Alipofika saa saba mchana ilikuwa mara ya tisa.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mektrida, aliyeketi mbele kabisa ya wanawake, alikuwa ameinua mkono tangu saa mbili na nusu ya lile daftari. Filbert alipomwona, watu walinyamaza, kwa maana Mektrida hakuwa na kawaida ya kusema katika mikutano.

"Primus, mwanangu, ngoja," alisema. "Pale unapojisaidia, sisimizi wanakuja?"

Watu walitazamana. Primus aligeuza ukurasa kutafuta jibu, lakini hilo lilikuwa jambo pekee ambalo hakuwahi kuliandika.

Aliyejibu ni Veronika. "Wanakuja, mae. Wiki hii nimemwaga majivu nyuma ya nyumba mara mbili. Nilidhani wageni wamemwaga soda."

"Na macho yana ukungu? Na mkanda umeongezwa tundu?"

"Matundu mawili."

Mektrida aliinuka, akajifunga vizuri kanga yake. "Marehemu mume wangu alikunywa maji hivi hivi, nikacheka kama mnavyocheka, mpaka siku aliyoshindwa kuniona mlangoni. Nilimwosha miguu miaka minane. Huyu si kichwa. Huyu ni sukari. Na ninyi," akawageukia majirani wote kwa mkupuo mmoja, "mmekuwa mkimpalilia ugonjwa kwa asali."

Basili alitazama chini. Alikuwa akikumbuka soda mbili za machungwa.

Filbert alishauriana na wazee wawili, kisha akatoa uamuzi. Shauri liliahirishwa wiki nne. Primus aende hospitali ya Mawenzi akapimwe. Kama ni kichwa, jembe litabaki chini. Kama ni kitu kinachotibika, atarudi kuonyesha kuwa anaweza kuisoma saa. "Na kwa wiki hizo nne," Mektrida alisema kabla hajaketi, "jembe ashike Basili, kwa kuwa saa yake inapiga taarabu."

Hilo lilipitishwa kwa kicheko kikubwa kuliko vyote, na Basili hakupata nafasi ya kukataa.

Siku ya pili yake Primus na Veronika waliteremka mjini Moshi. Katika maabara ya hospitali, fundi aliuchanganya mkojo wake na dawa ya buluu ndani ya bomba la kioo na kuupasha moto. Primus aliomba ruhusa ya kutazama. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, na mwishowe ikawa nyekundu ya tofali lililochomwa. Aliandika rangi zote nne na saa zake. Alipimwa damu pia, na shinikizo lake.

Tabibu aliyewaita alikuwa dada mmoja wa Kimachame aitwaye Gladness, mwenye miwani na sauti isiyokuwa na haraka. Aliuliza maswali mengi. Kila swali lilipomshinda Primus, alifungua daftari na kusoma. Baada ya kurasa sita tabibu aliweka kalamu chini.

"Baba, nimefanya kazi miaka saba. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniletea ushahidi wa namna hii."

"Muuguzi aliniambia nisichague."

"Alikushauri vema. Una ugonjwa wa kisukari, na shinikizo lako limepanda kidogo. Kichwa nimekiangalia, kiko kama kilivyokuwa. Kinauma juani, kinasahau, lakini hakijaharibika zaidi."

Veronika alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Himo. "Kwa hiyo si kichwa?"

"Mama, kuumia kichwa si chanjo ya magonjwa mengine. Baba ana wageni watatu katika nyumba moja, nanyi mmekuwa mkimlaumu mmoja kwa kelele za wote. Kiu na usingizi na ukungu wa macho ni sukari. Ila kichwa nacho kina mkono wake kidogo. Kilichukua harufu, chakula kikakosa ladha, ndipo baba akaukimbilia utamu. Vijiko vingapi katika chai?"

"Vitano," Primus alisema, na bila kuulizwa akaongeza, "vilivyojaa."

Aliwapa vidonge vya asubuhi na jioni, akawaeleza kipimo cha ndizi, akakataza asali, soda na glukosi, na mbege akaiwekea mpaka wa kata moja ndogo siku za sherehe. Alimwonya pia kwamba mtu anayemeza vidonge hivyo asikae na njaa, na kwamba kichwa kinachosahau kinaweza kumeza mara mbili. Primus alionyesha daftari. Tabibu alicheka, akasema kuwa onyo hilo basi lilikuwa la wengine.

Nyumbani, Veronika aliifunga ile meza ya zawadi kama mtu anayefunga duka. Kila kopo lilirudishwa lilikotoka, pamoja na maelezo. Shangazi wa miaka themanini alikataa kuipokea asali yake, akidai kuwa madaktari wa siku hizi hawajui mafuvu. Alikubali tu alipoambiwa kuwa Mektrida ndiye aliyesema. Ili Primus asikione chakula kuwa pamba, Veronika aliweka pilipili, tangawizi na ndimu, vitu vinavyochoma au kukunja uso hata pasipo pua. Siku ya kwanza Primus alitokwa na machozi juu ya bakuli la mtori, supu ya ndizi.

"Umezidisha?" Veronika aliuliza.

"Usiguse," alisema. "Ni miaka mitano sijala kitu kinachonijibu."

Wakati huohuo Basili alikuwa akijifunza usimamizi. Wiki ya kwanza alifungua malango kwa wakati na kujisifu. Wiki ya pili mama mkwe wake alimlaumu kwa kumpunja dakika kumi, na jirani wa mama mkwe akamlaumu kwa kumwongezea mama mkwe dakika kumi. Wiki ya tatu aliacha kupita njia kuu, akawa anapita katikati ya vihamba vya watu, kwa sababu kila aliyekutana naye alikuwa na neno juu ya maji. Nyanya zake zikaota magugu. Jioni moja alifika kwa Primus, akaketi kwenye kigoda.

"Shikamoo, baba. Hivi wewe ulikuwa unawajibu nini?"

"Marahaba. Nilikuwa nawasomea daftari."

"Na wakikasirika?"

"Asubuhi nilikuwa siwakumbuki."

Basili alimtazama kuona kama ni mzaha. Ilikuwa nusu mzaha. "Mimi nawakumbuka wote," alisema kwa huzuni, "hata nikilala."

Kiu ya Primus ilipungua katika wiki ya pili. Katika wiki ya tatu alilala usiku mmoja akiamka mara moja tu, na Veronika, aliyezoea kusikia mlango, ndiye aliyekosa usingizi. Macho yalichelewa kuliko vingine. Kila asubuhi alisimama uani akiitazama saa iliyotundikwa kwenye msumari ukutani, akarudi nyuma hatua moja, akaitazama tena, akaandika idadi ya hatua. Zilikuwa mbili. Zikawa nne. Tarehe 30 Agosti zilikuwa tisa.

Jumapili, tarehe 1 Septemba, walikusanyika tena kwenye nduwa. Basili alikuja na jembe begani na kuliweka chini mwenyewe kabla mkutano haujafunguliwa.

"Basili, bado hatujafika hapo," Filbert alimwambia.

"Mimi nimefika, mwenyekiti. Ninyi endeleeni."

Barua ya tabibu ilisomwa. Kisha Filbert alivua saa yake, akaenda hatua kumi mbali, akainyanyua. Watu walitulia mpaka maji yaliyokuwa yakivuja kwenye kizibo yakasikika. Veronika aliangalia kwingine. Primus alisimama wima, mikono ikiwa nyuma. Hatua kumi hakuwahi kuzifikia.

"Saa saba na dakika ishirini na mbili," alisema hatimaye. Kisha akatazama saa yake mwenyewe. "Lakini ya kweli ni saa saba na dakika ishirini na sita. Saa yako, mwenyekiti, iko nyuma kwa dakika nne, na Jumamosi iliyopita ulilalamika kuwa Basili amekufungia maji mapema."

Filbert aliiweka saa sikioni, akaitikisa, akairudisha mkononi. Basili aliomba hilo liandikwe, tafadhali, kwa wino.

Hapakuwa na haja ya kura, ila Mektrida alitaka sheria iongezwe kifungu: msimamizi yeyote, awe ameumia kichwa au hajaumia, akianza kuchelewa, apelekwe kwanza kupimwa na ndipo ashtakiwe. Kilikubaliwa. Primus alikiandika papo hapo, pamoja na saa, kisha akainama na kuokota jembe. Mpini ulikuwa na tope la mikono ya mtu mwingine. Aliufuta kwa pindo la koti lake la kanisani, koti ambalo Veronika ndiye angelifua.

Mwaka mmoja baadaye, Jumapili, tarehe 31 Agosti 1997, katika kiangazi kilichokausha hata mfongo wa juu, Primus aliusomea mkutano taarifa ya mwaka: malango yalikuwa yamefunguliwa mara elfu moja mia mbili na nne, na yalikuwa yamechelewa mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ng'ombe wa Filbert alikuwa amelala ndani ya mfereji, na mara ya pili siku ambayo Primus alikuwa Mawenzi kupima sukari na jembe alikuwa nalo Basili.